Kabla ya kuchangisha gitaa jipya, fungueni la zamani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na viongozi wa kwaya na bendi za hapa Mwanza, Sengerema na Ukerewe. Mara kwa mara nasikia kwaya ikichangisha gitaa jipya la umeme kwa sababu la zamani linavuma au linakatakata sauti. Mimi ni fundi wa redio na magitaa hapa Igoma. Mengi ninayoletewa yana mbao nzuri na shingo iliyonyooka. Yanayosumbua ni waya na vifaa vya ndani, na hivyo vinabadilishwa.

Juzi lilivuka gitaa la solo kutoka Nansio. Nilipofungua bamba la plastiki nikakuta unyevu wa ziwa umefanya kazi yake: miguu ya volyumu (kifaa cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti) ina kutu ya kijani, jeki, yaani tundu la kuchomeka waya wa amplifaya, imelegea hata plagi inacheza, na waya mmoja umefungwa kwa selotepu. Kwingine risasi ya kulehemu imekaa juu ya waya bila kuushika. Lakini pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zilikuwa nzima kabisa, kila moja ikisoma karibu omu elfu sita kwenye mita. Gitaa hilo lilikuwa limeshaamuliwa kuwekwa stoo!

Mnapobadilisha volyumu, msikubali yoyote kwa kuwa tu inaingia kwenye tundu. Pikapu za koili moja hupewa ya omu 250,000, hambaka, yaani pikapu za koili mbili, hupewa ya 500,000. Ukiweka ndogo kwenye hambaka sauti inafifia na kuwa nzito. Ukiweka kubwa kwenye koili moja inachoma masikio. Tazameni na herufi iliyoandikwa kwenye volyumu. Iliyoandikwa A250K hupandisha sauti taratibu sikio linavyosikia, ila ya B mara nyingi mabadiliko yote yanarundikana sehemu moja ya mzunguko, na mpigaji hapati kiasi anachotaka katikati ya wimbo. Kapasita ya toni, inayopunguza ukali wa sauti, huwa ya 0.022 au 0.047 mikrofaradi; nayo ni kidude kidogo cha bei ndogo.

Mvumo nao una chanzo chake. Koili moja hunasa umeme wa hezi 50 uliomo ukumbini, kutoka taa za tyubu, jenereta, hata inveta ya sola. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni hambaka: koili mbili zinazopingana, mvumo wa moja ukafuta wa nyingine. Mwenye koili moja hana haja ya kununua hambaka kwanza. Shimo la ndani livikwe karatasi ya shaba, iungwe na ethi (waya wa ardhi) ya gitaa, mvumo utapungua sana. Ule wa koili yenyewe hauishi wote, na fundi mkweli atakwambia hivyo mapema.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Wapo wanaokata waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi kwenda ethi, eti mpigaji asipigwe shoti. Jamani, waya huo ndio unaotuliza kelele mkono unapogusa nyuzi. Shoti inatoka kwenye amplifaya iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi, au plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kwa kalamu. Kijana ameshika nyuzi, mdomo uko kwenye maikrofoni, na ukutani kuna volti 230. Hata waya ukikatwa, chuma cha jeki na cha plagi bado kipo mkononi mwake.

Itisheni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akague soketi za ukumbi. Na kabla ya kila tamasha tumieni mita ya kawaida, iwekeni kwenye volti za AC: ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye chuma cha kichwa cha maikrofoni. Ikisoma makumi ya volti, zimeni amplifaya, na mtu asiguse gitaa hilo mpaka tatizo lipatikane.

Fundi wa redio na magitaa,
Igoma, Mwanza