Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: Haki za Dereva Mbele ya Kipima Pumzi

Mheshimiwa Inspekta Jenerali,

Nakuandikia kuhusu vizuizi vya kupima ulevi ambavyo maafisa wa trafiki huviweka barabarani nyakati za usiku, hasa mwishoni mwa juma, na kuhusu dereva anayesimamishwa hapo bila kujua vyema anachopaswa kutii na anachoweza kudai. Ombi langu nalitaja mapema ili lisipotee katika maelezo: toa mwongozo ulioandikwa, wenye saini yako, unaoeleza namna dereva anavyopimwa, anavyokamatwa na anavyoachiliwa kwa dhamana, kisha uutangaze na kuubandika katika kila kituo cha polisi nchini Kenya.

Naviunga mkono vizuizi hivi kwa dhati. Dereva aliyelewa huwaangamiza watu ambao hawakushika hata glasi, na hakuna haki ya mtu yeyote kuendesha gari akiwa katika hali hiyo. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilipoanza, Desemba 1982, kuwapima madereva bila kusubiri dalili za ulevi, vifo vya barabarani vilipungua, kwa sababu kila dereva alijua kwamba usiku wowote angeweza kusimamishwa. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yasichukuliwe kuwa hoja ya kuviondoa vizuizi. Nataka viwe na msingi wa kisheria ambao wakili wa mshtakiwa hataubomoa asubuhi mahakamani.

Historia yetu wenyewe inatutahadharisha. Kanuni za Trafiki kuhusu kipima pumzi za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha maikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hizo zilikinzana na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ingawa polisi waliendelea kuwa na uwezo wa kuwashtaki madereva walevi chini ya kifungu cha 44 cha Sheria yenyewe. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Kanuni ziliangalia namba, ilhali kifungu cha 44 kinauliza kama dereva alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Namba inayoonekana kwenye Alcoblow, kifaa cha polisi cha kupima pumzi, yaweza kusaidia kujibu swali hilo, lakini haiwezi kulijibu peke yake. Jinsi gari lilivyokuwa likienda kabla ya kusimamishwa, usemi wa dereva, hatua zake alipotakiwa kushuka, hayo yote ni ushahidi, na afisa asiyeyaandika palepale anaidhoofisha kesi yake mwenyewe.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalotarajia katika mwongozo wako ni kila afisa aliye kwenye kizuizi kuagizwa amtajie dereva sheria na kifungu anachokitumia. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Kumwambia mtu «umelewa, panda gari» hakutimizi sharti hilo.

Upo pia mpaka kati ya kusimamishwa na kukamatwa, ambao mara nyingi hufifia gizani. Dereva anaposimamishwa anapaswa kusimama, kutoa leseni anapoombwa na kumheshimu afisa anayefanya kazi ngumu usiku. Akishaambiwa kwamba amekamatwa, haki za Ibara ya 49 zinaanza kumlinda papo hapo: kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji, na kutolazimishwa kukiri jambo lolote ambalo laweza kutumiwa dhidi yake. Na kwa kuwa Ibara ya 31 inalinda faragha ya mtu na mali yake, kukubali kupuliza kifaa hakumaanishi kwamba dereva ameridhia buti lifunguliwe au simu yake ipekuliwe. Afisa mwenye sababu ya kupekua aitaje sababu hiyo.

Naomba sasa uvumilivu wako kuhusu kifaa chenyewe, kwa kuwa hapa mambo madogo ndiyo huamua kesi. Mrija wa kupulizia unapaswa kutolewa kwenye pakiti yake mbele ya macho ya dereva na kutupwa baada ya kutumika. Ni suala la afya, na pia ni suala la imani, kwa sababu dereva anayeona mrija mpya ukifunguliwa anaanza kuamini kwamba na mengine yamefanywa vizuri. Alkoholi inayobaki kinywani baada ya mtu kumeza dawa ya kikohozi, kusukutua kwa dawa ya kinywa au kumaliza funda la mwisho yaweza kuipandisha namba juu ya hali halisi ya damu yake, na huchukua takriban dakika 15 kutoweka. Anayesema ametoka kumeza dawa asubirishwe muda huo, tena akiwa chini ya uangalizi ili asiweke kitu kingine kinywani, ndipo apimwe upya. Hapo hakuna atakayepoteza kitu: kama amelewa kweli, robo saa haitamlevua.

Kipimo cha pili, kile cha damu, kifanywe mapema pia. Mwili huondoa alkoholi kwa kadiri ya miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, ingawa watu hutofautiana. Damu inayochukuliwa hospitalini saa nne baadaye inaeleza hali nyingine kabisa, si ile ya wakati mtu alipokuwa kwenye usukani. Ucheleweshaji huo unaweza kumwokoa mwenye hatia, na unaweza vilevile kumnyima asiye na hatia ushahidi wa pekee ambao ungemtetea. Mwenye pumu au mapafu dhaifu, asiyeweza kutoa pumzi ya kutosha, apelekwe kwa daktari bila kuhesabiwa kuwa amekaidi. Vifaa vyote viwe na kumbukumbu ya lini vilihakikiwa usahihi wake mara ya mwisho, na dereva au wakili wake akiiomba, apewe bila kuzungushwa.

Suala linaloniumiza zaidi ni dhamana. Katiba inaagiza aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Sasa fikiria dereva aliyekamatwa saa tano usiku wa Ijumaa. Saa zake 24 zinaisha Jumamosi usiku, mahakama imefungwa, na kwa hesabu hiyo anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila mtu yeyote kuvunja herufi ya sheria. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, anasogezwa tena. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi ndio vizuizi vinapokuwa vingi, kwa hiyo kile kilichowekwa kuwa hali ya kipekee kinageuka kuwa jambo la kawaida. Mtu ambaye hajahukumiwa anakaa ndani siku tatu, mwajiri wake hajui alipo, na watoto wake wanaambiwa amesafiri.

Tiba yake iko mikononi mwa wakuu wa vituo, nao wako chini yako. Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Nakusihi uagize kwamba dereva ambaye hakusababisha ajali, ambaye utambulisho na makazi yake yanajulikana, aachiliwe na kituo mara anapolevuka, kwa ahadi ya maandishi ya kufika mahakamani. Sababu ya kumzuia, kama ipo, iandikwe kwenye kitabu cha matukio. Fedha taslimu zinazotolewa kuwa dhamana ziwe na risiti rasmi hata kama ni usiku wa manane. Pasipo na utaratibu unaojulikana, mazungumzo ya pembeni huanza, na yanamwaibisha afisa mwadilifu sawa na yule asiye mwadilifu.

Kuhusu gari, nitasema machache. Kama kuna abiria mwenye leseni halali ambaye hakunywa, aruhusiwe kuliondoa. Kama hayupo, vitu vilivyomo viorodheshwe dereva akiwepo, na abiria, hasa wenye watoto, wasiachwe kando ya barabara saa saba za usiku.

Haya yanawezekana. Nchini Marekani, mwaka 1987, Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliporuhusu vizuizi vya ulevi katika kesi ya Ingersoll dhidi ya Palmer, ilitaka mahali na muda viamuliwe na maafisa wa ngazi ya juu badala ya askari aliye barabarani, magari yachaguliwe kwa kanuni isiyobagua, kuwe na taa na alama za kutosha, dereva azuiliwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na umma utangaziwe mapema. Sisi tunayo Katiba iliyo wazi kuliko nyingi duniani kuhusu mtu anayekamatwa, na tunayo IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ya kupokea malalamiko. Kilichobaki ni maagizo yako yawafikie askari na dereva kwa maneno yaleyale.

Naomba mwongozo huo utolewe kabla ya msimu wa sikukuu za Desemba, wakati vizuizi huongezeka, na kila afisa anayekabidhiwa kifaa awe amesaini kwamba ameusoma.

Wako mwaminifu,
Dereva na raia wa Kenya