Leta chuma na uchafu wake

"Nyeusi ni nyeusi, fundi. Sh. 18,000 za nini?"

Kazi yangu ni kupulizia rangi vyuma vya chini ya magari ya zamani, na hivyo ndivyo alivyoniambia Jumanne iliyopita, mbele ya vijana wangu, bwana mmoja aliyeleta vyuma vya Mercedes W123, modeli ya zamani: aam za mbele (mikono inayoshika magurudumu), stabilaiza (fito la kuzuia gari lisilale kwenye kona) na springi. Akaongeza kuwa kwa pesa hizo atanunua makopo ya spre nyeusi ajaze buti. Kweli, atajaza. Sikumjibu, maana nilikuwa na bunduki ya kupulizia rangi mkononi, na rangi ikishatiwa hadina, ile dawa ya kuigandisha, haingojei mabishano. Namjibu hapa, na wengine wanaokuja na swali hilohilo kila mwezi wasome.

Kwanza, aliponiletea vile vyuma vilikuwa vinang'aa. Alishavipeleka kwingine vikapigwa mchanga kwa presha ya hewa vikawa vyeupe pe, akaona amenirahisishia kazi na bei itashuka. Hapo ndipo alipoipandisha, maana mchanga umefuta rangi ya kiwanda niliyotaka kuiona.

Mteja akitaka gari lake la zamani lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kazi yangu huanza na uchafu. Chukua stabilaiza. Pale inapokamatwa na klampu kuna mpira, na chini ya mpira ule kuna kipande cha upana wa kidole gumba ambacho hakijaona jua, jiwe wala chumvi tangu gari litengenezwe. Nafungua klampu taratibu. Nafuta grisi kwa pamba na mafuta ya taa, si thina, kwani thina inaila rangi ya zamani na kukuachia doa tu. Halafu maji na msasa wa 2000, miguso mitatu minne, kuondoa ile ngozi iliyofubaa. Rangi ya kiwanda inajitokeza. Napeleka chuma mlangoni, kivulini, saa tatu asubuhi, na kando yake naweka kadi nilizopuliza mwenyewe.

Hapo ndipo mwenye gari huinama akanyamaza. Nyeusi moja inavuta kwenye buluu, nyingine kwenye kahawia, kama kahawa iliyokolea. Na hata zikilingana, mng'ao unazitenga. Vyuma vingi vya chini vya magari ya zamani havikutoka kiwandani viking'aa kama piano, wala havikuwa vikavu kama mkaa. Vilikuwa katikati, na hiyo katikati ndiyo inayonilia nusu siku. Dawa ya kufifiza mng'ao huzama chini ya kikombe. Usipokoroga kila mara, aam moja itatoka na mng'ao na nyingine itatoka kama ubao wa shule. Ukipuliza kwa mbali sana rangi inafika kavu, ukisogea sana inakuwa majimaji inang'aa. Kopo la spre lina mng'ao mmoja tu, wa yule aliyelijaza.

Wako wanaokuja na namba. "Nipulizie RAL 9005." Sawa, naijua. RAL ni kitabu cha namba za rangi; Wajerumani walikianzisha mwaka 1927 kikiwa na rangi 40, na sisi tunakitumia kila siku. Lakini namba inakutajia rangi, haikutajii mng'ao. Wengine huja na picha ya simu. Picha ya simu nitaitazama kwa heshima, basi.

Turudi kwenye springi, maana hapa hasara si ya macho peke yake. Springi za Mercedes hizo zilikuwa na alama za rangi, nyekundu au buluu, michirizi midogo ambayo mtu huidhania ni rangi iliyomwagika kiwandani. Si urembo. Springi zenye namba ileile ya kiwanda hazitoki zote sawasawa, kwa hiyo zilipimwa kwa mzigo zikatiwa alama, na fundi akachagua mpira wa kukalia springi wenye nundu moja, mbili, tatu au nne ili gari likae sawa. Miaka kadhaa nyuma bwana mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, alikuwa na seti mbili: za gari lake, na za gari jingine alilonunua kwa ajili ya spea. Akazipiga mchanga zote pamoja siku moja, zikarudi springi nane zisizo na jina. Akafunga alizodhani ni zake. Gari likalala upande wa dereva kama jahazi lililopakiwa na mtu mwenye haraka. Alifungua na kufunga mara tatu, akanunua mipira mipya, na mwisho akaja kwangu kuuliza kama naweza kukumbuka alama zilikuwa wapi. Nitakumbukaje kitu ambacho sikuwahi kukiona?

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kitu kuguswa, kijana wangu hupiga picha kila alama, huandika kwenye daftari ni kushoto au kulia, na mwisho wa kazi tunairudisha alama mahali pake kwa brashi ndogo. Dakika kumi za brashi. Hizo nazo zimo kwenye bei, na sioni haya.

Shoki, zile shokabzoba, zina habari zake. Za kampuni ya Bilstein ni za manjano, za Koni za zamani ni nyekundu, na watu hawajui kwa sababu chini ya gari la Mombasa kila kitu baada ya muda huwa rangi ya matope. Nimeletewa Koni zilizopulizwa nyeusi zote, mwili mpaka ule ufito wa kromu. Aliyepuliza alitaka kumfurahisha mwenye gari. Shoki ilipofanya kazi, rangi iliyokauka juu ya kromu ikaingia kwenye sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, ikaichana, mafuta yakavuja. Nyekundu niliipata chini ya ile nyeusi. Mafuta sikuweza kuyarudisha.

Na mimi sijatoka mbinguni. Nilishawahi kuchanganya manjano ya Bilstein usiku, chini ya taa ya mrija, kwa sababu mteja alikuwa akisafiri asubuhi. Chini ya taa, kadi na shoki zilikuwa pacha. Kulipokucha, upande wa zamani ulikuwa embe bivu na wangu ulikuwa ndimu. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa poda tofauti zinaweza kukubaliana mbele ya taa na kugombana mbele ya jua. Nilikwangua, nikarudia kwa pesa yangu, mteja akachelewa safari. Tangu siku hiyo hatulinganishi rangi usiku, hata uniletee nani aniombe.

Swali jingine la kila wiki ni kwa nini nisiziingize zote kwenye rangi ya unga, ile inayookwa, niseme yaishe. Tanuri lile huwa na joto la kama digrii 180 hadi 200. Bushi za mpira haziponi. Grisi ya boljointi, kile kiungo cha mwisho wa aam, inayeyuka. Shoki ya gesi imejazwa kwa presha, na mimi nina watoto. Kwa aam iliyovuliwa kila kitu sina neno, ni rangi ngumu, mradi nyuzi za nati na mashimo ya bushi yazibwe. Springi siziweki huko. Jiwe likiitoboa ile ngozi, maji ya chumvi yanatambaa chini yake, na kutu inakula kimyakimya huku juu pakionekana pazuri. Kwa gari linalovuka maji ya chumvi kwa feri pale Likoni kila siku, mimi napendelea praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, na rangi ya kawaida juu, ambayo ikiumia inaonyesha.

Hali ya hewa yetu nayo inadai chake. Chuma kilichopigwa mchanga asubuhi, msimu wa masika, kikilala hivyohivyo hadi jioni kinakuwa na vumbi la kutu la manjano. Lazima kipate praima siku hiyohiyo. Na rangi ya kukauka haraka ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu, inapata ukungu mweupe, nyeusi inageuka kijivu mbele ya macho yako. Kwa hiyo nikikuambia njoo Alhamisi badala ya kesho, ni mvua tu, sikuzungushi.

Tafadhali pia, acheni kupaka oili chafu chini ya gari. Najua baba zetu walipaka. Inazuia kutu kidogo na inavimbisha mipira yote iliyo karibu. Land Rover moja ya Series III ilinijia imepakwa oili juu ya lami, lami juu ya oili, tabaka sijui ngapi. Siku mbili nzima zilikuwa za kukwangua. Nyeusi ya kiwanda tuliikuta chini ya bamba la yuboliti, ile bolti ya umbo la U, ikiwa safi, na mzee mwenye gari akaomba kukaa nayo peke yake kidogo. Alilipa bila kuuliza.

Basi kama una kazi, leta vyuma vikiwa na klampu zake, mipira yake na matope yake. Usioshe. Nitakupa kadi tatu, utazitazama mlangoni asubuhi, utachagua mwenyewe na kutia sahihi nyuma ya kadi, kisha ndipo tutapuliza.

Yule bwana wa Jumanne aliondoka na springi akaziacha aam na stabilaiza. Nimetafuta, na ndani ya kona moja ya aam ya chini, ambako mchanga haukufika, nimepata rangi ya asili ya ukubwa wa kucha. Kadi zake zimetundikwa dirishani. Na zile springi, kama bado hajazipuliza, azirudishe.