Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa: udumavu wa watoto na saa za kazi za mama zao

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika wilaya ya Mufindi, na nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa kwa pamoja wazazi, waajiri na madiwani, ambao hawakutani katika kikao kimoja.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa mkoa wetu kiwango kilikuwa asilimia 56.9, cha juu kuliko mikoa yote, tukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi, maharage, viazi, nyanya za Ilula na maparachichi yetu hupakiwa kwenye malori kila msimu, na bado zaidi ya nusu ya watoto wetu ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka.

Katika vikao vya lishe maelezo huwa yale yale: wazazi hawana elimu ya lishe, wanauza mazao yote, wanashinda kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Sikatai kwamba yapo. Lakini akina mama wengi ninaowatembelea wanaweza kunitajia makundi ya chakula bila kukosea, wanajua mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na wanajua uji wa mahindi mtupu hautoshi. Wanachokosa ni muda wa kuyatenda wanayoyajua, kwa sababu muda huo wameuuza mashambani na viwandani ili nyumba ipate chumvi, sabuni na ada.

Niruhusu nikueleze siku ya mchuma chai mwenye mtoto wa miezi tisa. Anaamka saa kumi alfajiri, anapika uji na kuumimina kwenye chupa ya chai, ananyonyesha, na kabla ya saa kumi na mbili yuko njiani kwenye ukungu. Mtoto anabaki na dada yake ambaye hajamaliza darasa la tatu, au na bibi ambaye miguu yake haimruhusu kukimbizana naye. Uji ule umepikwa mwepesi ili upite kwenye kikombe bila shida, na ndio utakaotumika hadi mama arudi saa kumi jioni. Mtoto wa umri huo ana tumbo dogo. Anahitaji mlo mzito kiasi mara tatu au nne kwa siku, wenye maharage, dagaa, yai au parachichi lililopondwa, pamoja na ziwa la mama. Anachopata mchana ni maji ya moto yenye unga kidogo. Siku moja ya namna hiyo haimdhuru. Miezi 15 mfululizo, katika kipindi ambacho ubongo na mifupa bado vinakua kwa kasi kubwa, inamwachia pengo ambalo baada ya miaka miwili ni vigumu sana kulirudisha.

Ubaya ni kwamba pengo hilo halionekani kwa macho. Nikimfunga mtoto huyo utepe wa kupimia mzingo wa mkono, mara nyingi unaangukia kwenye kijani, yaani rangi ya mtoto asiye na shida, kwa sababu utepe unatafuta ukondefu na yeye ana mashavu yake. Ni pale ninapomlaza kwenye ubao wa kupimia urefu ndipo inapodhihirika kwamba mtoto wa miaka miwili ana kimo cha mtoto wa mwaka na nusu. Bibi aliyemleta huniambia kwamba amefuata ufupi wa baba yake. Nikimuuliza jana mchana alikula nini, hajui, na mama anayejua yuko shambani, kwa kuwa kliniki na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huangukia saa za kazi.

Mheshimiwa, siwalaumu akina mama hawa kwa kufanya kazi, na ningeumia sana kama barua hii ingetumiwa kuwarudisha jikoni. Ujira wao ndio unaonunua maziwa na dagaa. Kinachowaumiza watoto ni kazi iliyopangwa kana kwamba mfanyakazi hana mtoto.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu, wakati tunamhimiza anyonyeshe pekee kwa miezi sita. Hata hivyo, sheria hiyo ingefuatwa tu ingeokoa wengi. Kwa kibarua anayelipwa kwa kilo za majani mabichi, saa mbili za kunyonyesha ni kilo zinazopungua kwenye mzani, na mtoto mwenyewe yuko mbali, kijijini. Haki ya kunyonyesha haina maana pale ambapo mtoto hafikiki.

Mkoa huu ulikwisha kulijua jambo hili. Mwaka 1983 ulianza hapa Iringa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168, ambapo wanakijiji walipima watoto wao, wakajadili matokeo katika serikali zao za vijiji na kuweka mahali pa kuwalisha watoto mchana wakati wazazi wakiwa kazini. Utapiamlo mkali ulipungua, na uzoefu huo ulichangia mfumo wa UNICEF wa mwaka 1990 wa kueleza visababishi vya utapiamlo, unaotaja malezi kuwa chanzo cha lishe bora sawa na chakula na huduma za afya. Inaniuma kwamba dunia ilichukua somo hilo kutoka kwetu nasi tukaliachia hapa hapa.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi. Mikataba ya lishe ambayo Rais alisaini na wakuu wa mikoa mwaka 2022 inashuka hadi kwa watendaji wa vijiji. Katika mikataba ya mkoa wako, ongeza kipimo kimoja cha utekelezaji: idadi ya mashamba makubwa na viwanda vya mbao vyenye kituo cha kulelea watoto karibu na mahali pa kazi, chenye mlezi aliyefunzwa na mlo wa mchana. Waite waajiri hao mezani, wakiwa na maofisa kazi, waeleze jinsi wanavyotekeleza saa mbili za kunyonyesha kwa vibarua wao, na wakubaliane malipo ya saa hizo. Vikundi vya wanawake wanaoomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri wapewe nafasi ya kuendesha vituo hivyo, kwa mchango wa mwajiri, kwani mama kibarua hawezi kuvilipia peke yake. Nasi wahudumu turuhusiwe kupima watoto Jumapili alasiri, au shambani wakati wa mapumziko, ili tuzungumze na mama mwenyewe.

Hayo yote yanahitaji fungu. Naomba msimamo wako utolewe kabla mabaraza ya madiwani hayajapitisha bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai, na usomwe kwenye mikutano ya vijiji vilivyopakana na mashamba ya chai, ili akina mama na waajiri wao wausikie siku moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mufindi, Iringa