Maumivu Yanayoshuka Mguuni Huanzia Mgongoni

Wateja wengi wanaofika kwetu, wataalamu wa tiba ya viungo, wakiwa na siatika, yaani maumivu ya neva (mshipa wa fahamu) yanayoshuka mguuni, huomba tuwakande mguu. Ombi hilo tunalielewa, kwa kuwa mguu ndio unaouma. Maumivu huanzia kiunoni au kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye shavu la mguu hadi unyayoni. Huwaka, hutia ganzi, na mtu akikohoa au kupiga chafya hupiga kama shoti ya umeme. Mgongo wenyewe pengine hauumi hata kidogo. Hata hivyo chanzo hakiko mguuni, na dawa ya kuchua, iwe kali namna gani, haifiki kilipo.

Neva ya siatiki ni nene kuliko neva zote mwilini. Inaundwa na mizizi inayochomoza katikati ya pingili za chini za mgongo, inapita takoni, na karibu na goti inagawanyika kuelekea unyayo. Mara nyingi kinachoisumbua ni diski, lile gegedu lililo kati ya pingili mbili. Ganda la diski likipasuka, ute wa ndani hujitokeza na kugusa mzizi wa neva. Mzizi hubanwa, na zaidi ya kubanwa huvimba kwa kemikali zilizomo kwenye ute huo. Kwa watu wa umri mkubwa, mara nyingi ni mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba: mtu huumia akisimama au akitembea, na akiketi au kuinama mbele hupata nafuu. Kwa hiyo usichukue mazoezi ya jirani yako ukayafanya. Yaliyomponya yeye yanaweza kukuzidishia wewe.

Swali letu la kwanza ni maumivu yanaishia wapi. Yakifika juu ya unyayo na kwenye dole gumba, tunashuku mzizi wa tano wa kiuno, na tunakuomba utembee kwa visigino. Yakielekea ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo, tunashuku mzizi wa kwanza wa sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, na tunakuomba usimame mguu mmoja kwa ncha za vidole. Kisha unalala chali nasi tunainua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, dalili inaelekea kwenye neva. Yale yanayoishia takoni au pajani bila ganzi yoyote, mara nyingi hutokana na misuli au viungo vya kiuno, na hayo hutibiwa kwa namna yake.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi yetu wala ya mtu mwingine. Ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo ukikataa kutoka au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Unyayo ukianza kuburuta, au ukawa na homa, au unapungua uzito bila sababu, muone daktari upesi.

Picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994, watu 98 wasioumwa mgongo walipigwa picha hiyo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyovimba. Kama hakuna dalili ya hatari, wiki za mwanzo hatukuhimizi uitafute.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, na mara nyingi mwili wenyewe huufyonza ute uliojitokeza. Kazi yetu ni kukufanya uendelee kutembea wakati huo. Kulala kitandani hakuharakishi kupona: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1999 uliwalaza baadhi ya wagonjwa wiki mbili, na hawakuwazidi wenzao walioendelea na shughuli zao. Tembea mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, usikae muda mrefu bila kunyanyuka, na ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti.

Kwenye mazoezi kuna jambo tunalolirudia kwa kila mteja. Tunajaribu mielekeo, kuinama nyuma, mbele au pembeni, tukitafuta ule unaoyarudisha maumivu juu: yatoke unyayoni yaje pajani, yatoke pajani yaje kiunoni. Wengi hushtuka kiuno kinapouma zaidi mguu ukiwa unatulia, wakaacha. Usiache, hiyo ni ishara nzuri. Zoezi la kuacha ni lile linaloyasukuma maumivu chini zaidi mguuni.

Kuhusu vidonge, zungumza na daktari. Pregabalini, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya neva, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa wa siatika, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani (plasebo), huku ikiongeza kizunguzungu.

Upasuaji unawafaa baadhi ya watu. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, ila baada ya mwaka mmoja walilingana na waliosubiri kwanza. Kwa hiyo ikiwa wiki 6 hadi 8 zimepita na bado hulali usiku kwa maumivu, tutakuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, uamue naye. Mazoezi tunaendelea nayo hadi siku ya miadi hiyo.