Anayemlea mtoto mwenye usonji naye aulizwe hali

Mhariri,

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, husemwa mengi kuhusu mtoto mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia. Mlezi hutajwa kwa pongezi tu: ana subira, Mungu atamlipa. Kisha anarudi kwa mtoto anayeamka saa nane za usiku, na pongezi hazimletei usingizi.

Mtoto akichelewa kusema, maswali humwelekea mama. Ulikula nini ukiwa mja mzito? Umekosana na nani? Mbona unamdekeza? Wengine hutaja mapepo, na nauli ya kliniki ikaishia kwa mganga. Tusidhani haya ni ya vijijini pekee. Madaktari wenye majina makubwa Marekani walishikilia kwa miaka kwamba usonji huletwa na ubaridi wa mama, hadi uchunguzi wa jozi 21 za mapacha uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1977 ulipoonyesha uzito wa urithi. Lawama ilibaki hata hivyo, na hufanya kazi polepole. Mama huacha kwanza harusi, halafu kanisa au msikiti, halafu matatu, maana mtoto akipiga kelele humo abiria humwita mkosa adabu. Mwishowe wawili hao hawatoki tena, na sonona, huzuni nzito isiyoisha, ikapata makao.

Kliniki inaweza kuibaini mapema. Mtoto akipimwa, mlezi naye aulizwe: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama, kuanzia 0 kwa "hata kidogo" hadi 3 kwa "karibu kila siku". Jumla ikifika 3, aendelee na dodoso kamili la maswali tisa la kupima sonona, PHQ-9. Humo alama 10 na kuendelea zinahitaji tathmini zaidi, na akikiri kuwaza kujidhuru asipewe tarehe ya mwezi ujao. Ashughulikiwe siku hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni kumuuliza mbele ya mume au mavyaa. Atasema yuko sawa. Muuguzi amtoe kando.

Nyumbani kinachohitajika zaidi ni mapumziko, na ndugu huyaharibu kwa nia njema. Shangazi anakuja Jumamosi, mama anatoka. Mtoto anapewa ugali badala ya wali wake wa kila siku, televisheni inapandishwa sauti, wageni wanaingia. Nusu saa haijapita, anagonga kichwa ukutani na mama anapigiwa simu arudi. Hatathubutu kutoka tena.

Afadhali shangazi aje kwanza mara mbili tatu mama akiwapo, saa moja moja, aone chakula kinavyopakuliwa, wimbo upi humtuliza na dalili zipi hutangulia kelele: kuziba masikio, kuzungukazunguka, kukimbilia pembeni. Mama ayaandike kwenye karatasi moja ibandikwe jikoni. Mlango uwe na komeo la juu, na mapipa na ndoo za maji vifunikwe, kwani wengi wa watoto hawa hutoka bila kuona hatari na huvutwa na maji. Akilipuka, zima televisheni, ondoa watu, sema maneno machache, ngoja. Kumchapa ni kumwongezea kile kile kilichomzidi. Ratiba nayo isibadilike: muda wa saa tatu kila Jumamosi ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa muhula, maana mtoto pia huhitaji kuzoea.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiongozwa na wahudumu ambao si lazima wawe mabingwa. Afya ya mlezi mwenyewe imo. Kaunti ziyapeleke kwenye zahanati na vituo vya EARC, vile vya elimu maalum ambako wazazi tayari hupeleka watoto kutathminiwa. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali, kila mwezi, kwa kaya zinazozipata, haziwezi kushika nafasi ya kikundi hicho.

Na zile saa tatu za Jumamosi zisiwe za kufua. Shangazi akiona mama anatafuta beseni, amnyang'anye. Alale kwanza.

Wahudumu wa afya ya watoto,
Mombasa