Chuo cha wachungaji kwa masafa kisifute kikao cha wiki

Mhariri,

Rwanda ilipotunga sheria mwaka 2018 ya kuwataka wasimamizi wa makanisa wawe na shahada ya mambo ya dini, iliwapa miaka 5 ya kujiandaa. Muda huo uliisha Septemba 2023. Mchungaji wa miaka 45 mwenye waumini, watoto shuleni na shamba la mahindi haachi vyote hivyo akalale bwenini miaka mitatu. Atasoma kwa masafa, yaani akiwa kwake. Kenya nako, mjadala wa elimu ya wahubiri ulipamba moto baada ya vifo vya waumini wa mhubiri mmoja huko Shakahola mwaka huohuo wa 2023, na wenzetu wengi huko watapita njia hiyohiyo. Kubishania bweni au masafa, basi, ni kupoteza wino. Tuulizane kozi ya masafa inaundwaje, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Njia hii ya masafa yenye vikao si ngeni. Ilianzia mwaka 1963 katika seminari ya Wapresibiteri nchini Guatemala, chini ya watu kama Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler. Shida yao tunaijua hata huku: kijana wa kijijini akisomeshwa mjini harudi, na mzee wa kanisa ambaye watu wanamsikiliza tayari hawezi kuhamia mjini. Chuo kikahamishiwa mashambani, kisha walimu wakaanza kuwafuata wanafunzi vituoni. Mpango ulisimama juu ya mafiga matatu: kitabu cha kujisomea nyumbani, kazi ya usharika ambayo mwanafunzi anaendelea nayo, na kikao cha kila wiki na mkufunzi. Siku hizi figa linaloondolewa kwanza ni kikao, kwa sababu ndilo lenye nauli.

Kikao kinachofanya kazi kina watu 6 hadi 10 na hakizidi saa mbili. Robo saa ya kwanza ni jaribio la maswali matano au sita, vitini vimefungwa. Hapo anajulikana aliyesoma na aliyenakili majibu ya mwenzake. Saa nzima inayofuata ni mjadala: fungu la wiki hii linasema nini juu ya mazishi ya juzi, juu ya mahari, juu ya mgonjwa aliyepelekwa kwa mganga? Muda uliobaki mwanafunzi mmoja anahubiri dakika 10 na wenzake wanamkosoa. Mkufunzi hahutubii. Akihutubia, kabla ya mwezi kuisha hakuna atakayefungua kitini nyumbani, kwa kuwa yote atayasikia kikaoni. (Wachungaji wastaafu ndio wagumu kuliko wote kunyamaza.)

Wapo wanaosema kundi la WhatsApp linatosha. Linafaa kwa matangazo na vitini. Kwa mjadala halifai: wa mjini mwenye bando anaandika mchana kutwa, wa kijijini anapata mtandao Jumapili usiku, anakuta ujumbe mia na zaidi, jambo limeshaamuliwa. Na kitini cha kurasa 40 zilizopigwa picha kinakula bando jingi. Afadhali kichapwe upya kwa maandishi matupu, au kitolewe nakala na kutumwa kwa basi.

Kuna masomo tunayotetea yasomwe bweni bila kuona haya, nayo ni Kiyunani na Kiebrania. Herufi mtu atajifunza peke yake, 24 za Kiyunani na 22 za Kiebrania. Maana ya maneno ndiyo inayompoteza. Mwache na kamusi, atafika Yohana 21:15–17 akute Yesu anamwuliza Petro mara mbili kwa kitenzi agapao na mara ya tatu kwa phileo, ilhali Biblia yetu inasema "wanipenda" mara zote tatu. Jumapili waumini wataambiwa kwamba agapao ni upendo wa kimungu, phileo ni urafiki tu, na kwamba watafsiri walificha jambo. Mkufunzi aliye karibu angemrudisha kwanza kwenye 3:35 na 5:20 za Injili hiyohiyo: kote kuwili Baba anampenda Mwana, mara ya kwanza kwa agapao, mara ya pili kwa phileo; basi phileo si urafiki tu. Ni kazi ya dakika tano, ila lazima awepo mtu wa kuifanya kabla Jumapili haijafika.

Kwa lugha hizi tungeshauri wiki tatu za bweni mara mbili kwa mwaka, zikipangwa kwa kalenda ya shamba. Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja wa mvua, ukiita watu Desemba wakati wa kupanda utapata nusu yao. Agosti na Septemba watakuja.

Bweni linafanya jambo jingine ambalo halimo katika mtaala. Mkuu wa chuo anaona tabia ya mtu: anavyokopa, anavyolipa, anavyomjibu mpishi. Kwenye masafa kazi hiyo inaangukia usharika: mchungaji na wazee wawili waandike taarifa kila muhula, kila mmoja karatasi yake, maana wakiandika pamoja wawili watasaini tu alichoandika wa kwanza. Lakini bweni nalo lina deni lake. Mke anaachwa na jembe na watoto, kisha siku mumewe anapobarikiwa kuwa mchungaji anatarajiwa kuwa mama mchungaji bila kufundishwa lolote. Kituo kilicho karibu na nyumbani kinaweza kumpokea naye.

Kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote ya masafa hapa Tanzania, ulizeni TCU (tume ya vyuo vikuu) kama ni shahada, au NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kama ni cheti au stashahada. Kisha mkiulize chuo chenyewe nani anasimamia mtihani, mkufunzi anafika kituoni siku gani, na kazi iliyotumwa inarudi ikiwa imesahihishwa baada ya siku ngapi. Ikizidi wiki mbili, mwanafunzi yuko somo jingine na kosa amelibeba.

Wakufunzi wa theolojia,
Dodoma