Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara: Kosa ni la sailensa, si la breki

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kibao chako cha kukataza breki ya injini (ile inayotumia injini yenyewe kupunguza mwendo wa lori) pale mteremko unapoanza najua kimetokana na malalamiko ya wakazi wa bondeni. Ule mlio wa usiku unakera, sibishi. Ila kibao hicho kinamtaka dereva mwenye shehena nzito ashuke kwa breki ya mguu peke yake.

Breki ya mguu ina kikomo. Ukiikanyaga mfululizo, drumu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) inapata moto, inatanuka na kujitenga na lini, yaani vipande vinavyoikandamiza ili isimame. Unakanyaga, pedeli inazama, lori halisikii. Ukiona moshi kwenye matairi umeshachelewa, maana kwa mwendo huo hata gia ndogo haiingii tena.

Dizeli nayo, ukiachia mafuta tu, haizuii gari sana. Ndiyo maana Clessie Cummins, Mmarekani mtengenezaji wa injini za dizeli aliyenusurika lori lilipomshinda akishuka Cajon Pass, California, mwaka 1931, aliendelea kulifikiria jambo hili hadi breki ya injini aliyoibuni ikaingia sokoni mwaka 1961. Pistoni inapanda na kukandamiza hewa. Ikikaribia juu kabisa, vali za eksozi zinafunguliwa, hewa inachomoka, na pistoni haipati cha kuisukuma irudi chini. Magurudumu ndiyo yanayobeba kazi hiyo ya kukandamiza, basi lori linapungua mwendo na lini zinabaki baridi.

Hiyo hewa inayochomoka ndiyo kelele yenyewe. Sailensa ikiwa nzima, mlio unafifia ukabaki mngurumo. Wanaoamsha watu ni wenye sailensa zilizotobolewa au kung'olewa (wengine kwa makusudi kabisa, wanaona ni sifa). Hao wakamatwe. Kibao kiandikwe upya kipige marufuku sailensa mbovu, na askari wakague eksozi kabla lori halijaanza kushuka.

Lawama nyingine ni ya madereva wenzangu. Breki hii inashika magurudumu yanayovutwa na injini tu, hivyo kwenye lami yenye utelezi, hasa gari likiwa tupu, yanaweza kuteleza na tela likajikunja. Hapo inazimwa. Na gia huchaguliwa juu, kabla ya kushuka. Mtihani wa leseni ya malori uyapime haya mteremkoni, lori likiwa na mzigo, badala ya kuishia kwenye kurudi nyuma kati ya mapipa.

Wako,
Dereva wa malori ya masafa marefu